Moshi Katika Jiko Jipya la Mama

Mama yangu alinidanganya kwa karibu miezi mitatu, na alinidanganya kwa sababu ya fundi. Hadi leo sijui ni yupi kati yao aliyenikasirisha zaidi. Lakini mama ni mama. Nikimkasirikia, hasira huisha njiani nikirudi mjini. Hasira juu ya fundi ningali nayo.

Ngoja nianze na macho. Mama anaishi Navakholo, katika nyumba ya matofali ambayo baba aliijenga kabla ya kufa, shamba la miwa upande mmoja na mahindi upande mwingine. Mimi ni karani katika ofisi moja ya serikali mjini Kakamega, na Jumamosi nyingi huenda kumwona. Mwaka ule macho yake yalianza kuwa mekundu na kutiririka machozi, kwanza asubuhi tu, halafu kutwa nzima. Nikampeleka kwa daktari wa macho kule Mukumu. Daktari alimmulika, akamuuliza anapikia nini.

"Kuni," mama akasema.

"Jiko lako lina dirisha?"

Mama akafikiria, akasema, "Lina mlango."

Daktari akanigeukia mimi. "Dawa nitampa. Lakini dawa haitashindana na moshi. Badilisheni hilo jiko."

Gesi nilikuwa nimeshamnunulia zamani. Alikuwa ameufunika mtungi kwa kitambaa cha kufuma na kuweka picha ya harusi ya kaka yangu juu yake. Obusuma ya gesi, yaani ugali, alisema, ina haraka, haishiki tumbo. Basi nikaamua kuni ziwe kuni, lakini moshi utoke. Jiko lake ni chumba cha nyuma kilichoungana na nyumba, na nyuma yake kuna stoo ya mahindi. Tulipatana tuyaondoe mafiga matatu ya zamani, tujenge jiko la kuni lililoinuliwa, lenye midomo miwili na bomba la kupeleka moshi juu ya paa. Tuweke sakafu mpya, dirisha pana, dari, na meza ya saruji yenye vigae na sinki, ili mama asiinamie beseni tena.

Nilitaka kuleta fundi kutoka mjini. Mama akakataa kabisa.

"Mtoto wa rafiki yangu ni fundi, halafu mimi nilete mtu sijui wa wapi? Nitamwangaliaje rafiki yangu usoni?"

Rafiki huyo namwita mama mdogo, ingawa hatuna udugu wa damu. Wanasali kanisa moja. Baba alipokufa, yeye ndiye aliyelala sakafuni kando ya mama mwezi mzima. Mama alipofanyiwa upasuaji, yeye ndiye aliyemchotea maji na kumfulia nguo. Deni la namna hiyo halibishaniwi. Nikakubali.

Fundi mwenyewe alikuwa mwanamume wa miaka arobaini hivi, shati safi, kauli tamu. Hakupenda kuitwa fundi, alijiita kontrakta. Sikioni alibeba penseli, na katika wiki zote alizokuwa pale sikuwahi kuiona ikiandika kitu.

"Dada, wewe nenda kazini kwako utulie," aliniambia siku ya kwanza. "Huyu ni mama yangu kama alivyo wako. Naweza kumharibia mama yangu?"

Jumamosi ya pili nilimkuta akijenga ukuta wa jiko. Nikamuuliza kwa nini sioni pimamaji wala timazi ya kunyooshea ukuta. Akafumba jicho moja, akautazama ukuta kwa lile lililobaki.

"Dada, hili jicho halijawahi kunidanganya."

Nilicheka. Hilo ndilo linaloniuma nikikumbuka. Nilicheka naye.

Kazi ilienda kwa kuruka. Leo yupo, kesho hayupo, kesho kutwa ametuma ujumbe kwamba mchanga una mawe. Lakini hatimaye iliisha, na kwa macho ilipendeza. Vigae vyeupe, dirisha la vioo, dari iliyopakwa rangi ya maziwa. Juu ya paa bomba liling'aa, lina kofia yake ndogo ya bati, na ukiwa barabarani uliliona kutoka mbali. Mama aliwaita wanawake wa kanisa waje kuliombea jiko. Kwa kuwa wageni walikuwa wengi, chakula kilipikwa nje kwenye masufuria makubwa, na jiko lenyewe halikuwashwa siku hiyo. Wakaimba, wakaweka mikono juu ya vigae, wakashukuru. Mama alipopakua ingokho, yaani kuku, firigisi, ambayo kwetu hupewa mwanamume wa heshima, alimpa fundi. Akaila mbele ya watu wote, akajipangusa midomo, akasema amina.

Nikamlipa yote yaliyobaki, nikarudi mjini nikiwa na furaha ya mtoto aliyemfanyia mzazi wake jambo.

Jumamosi zilizofuata nilikuta chakula kimeshaiva, kimefunikwa mezani. Jiko lilikuwa safi ajabu, halina hata doa la majivu. Nilimsifu mama kwa usafi wake. Akainamisha kichwa. Macho yalikuwa bado mekundu, nikamuuliza.

"Ni vumbi," akasema. "Magari ya miwa yanapitanga hapa siku hizi kama siafu."

Nikaamini. Barabara yetu ni ya murram, na magari ya miwa ni kweli yalikuwa mengi.

Halafu Jumatano moja nilitumwa na ofisi kupeleka barua Navakholo. Nikamaliza mapema, nikapanda boda hadi nyumbani bila kupiga simu. Kulikuwa na manyunyu. Mlango wa mbele ulikuwa wazi, ndani hamna mtu. Nikaona moshi nyuma ya nyumba, nikazunguka.

Mama alikuwa amechuchumaa chini ya ukingo wa bati, gunia limekunjwa kichwani kama kofia, anapuliza moto uliokataa kuwaka. Mafiga matatu. Yale yale ya zamani, aliyoyaokota kwenye kifusi. Sufuria ilikuwa imeegemea upande mmoja, na maji ya mvua yalidondoka kutoka kwenye bati hadi ukingoni mwake. Macho yalikuwa yamevimba.

"Mama, unafanya nini?"

Alishtuka hadi mwiko ukamtoka mkononi. "Mbona hukupiga simu?"

"Nauliza unafanya nini."

"Napika."

"Nje? Kwenye mvua?"

"Hii si mvua. Ni manyunyu tu."

Nilimpita, nikaingia jikoni. Katika mdomo wa kulia wa jiko jipya kulikuwa na viatu vyake vya kanisani, vimepangwa vizuri. Katika mdomo wa kushoto, juu ya majani makavu, kulikuwa na kuku analalia mayai. Alinitazama kwa jicho moja kama mwenye nyumba anavyomtazama mgeni asiyebisha hodi.

Mama alikuwa amesimama mlangoni nyuma yangu. "Pana joto hapo," akasema. "Amepapenda."

Nikamtoa kuku pamoja na majani yake, nikamweka kwenye kikapu. Nikatoa viatu. Nikachukua kuni.

"Usiwashe," mama akasema. "Mwanangu, nakuomba usiwashe."

Niliwasha. Kwa muda mfupi moto ulikuwa mzuri, nikadhani labda mama ana woga wa bure. Kisha moshi ukaanza kushuka. Haukutoka mdomoni mwa jiko, ulitoka juu, kwenye maungio ya dari, ukiteremka polepole ukutani hadi usoni mwetu. Nikakimbia nje nikatazama paa. Bomba lile linalong'aa lilikuwa limesimama na kofia yake, kavu kabisa, halitoi hata uzi wa moshi. Moshi ulikuwa unatoka kwenye kingo za mabati, pande zote, kana kwamba nyumba yenyewe inaungua.

Nikamwagia moto maji. Moshi ulipopungua nikapanda juu ya meza ya saruji, nikaweka kiti juu yake, nikasukuma ubao wa dari kwa mikono. Ulitoka kwa urahisi, maana ulishikwa na misumari miwili tu. Nikaingiza kichwa.

Bomba linalotoka kwenye jiko lilikuwa limeishia hapo, juu kidogo ya dari, mdomo wazi. Bomba la juu lilikuwa limetoboa bati mahali pengine kabisa, mkono mzima kutoka hapo, likining'inia hewani bila kugusa kitu. Mabomba mawili yasiyojuana. Na katikati yao ulipita mti wa paa, umeshakuwa mweusi kama mkaa. Mama angewasha lile jiko kila siku, siku moja paa lote lingeshika moto naye akiwa chini.

Fundi alikosea kipimo. Hilo naweza kulielewa, kila mtu hukosea. Jambo ambalo halijaniingia akilini hadi leo ni kwamba aliona. Haiwezekani kufunga dari mahali pale bila kuona. Aliona mabomba hayajakutana, akachukua ubao, akachukua misumari miwili, akafunga, akashuka, akala firigisi.

Niliposhuka niliona na mengine. Meza ya saruji ilimfika mama kifuani. Alikuwa ameweka tofali chini apate kufika kwenye sinki. Fundi aliijenga kwa kimo chake mwenyewe, hakuwahi kumwambia mama asimame apimwe. Na maji niliyozimia moto hayakuelekea mlangoni. Yalikimbia upande wa stoo, kwa sababu sakafu ilikuwa imeinamia huko. Nikayafuata. Magunia ya mahindi yalikuwa yamelowa chini, na kwenye moja yalikuwa yameanza kuchipua, machipukizi ya kijani yakitokeza kwenye matundu ya gunia. Mahindi ya kula ya mama yangu yalikuwa yanaota ndani ya nyumba.

Tulikaa kwenye ngazi ya nyuma, sote tunatoa machozi.

"Ulijua tangu lini?" nikamuuliza.

"Siku ya pili baada ya maombi. Niliwasha, nikaona. Nikamwita. Akasema jiko jipya huwanga hivyo, litazoea. Nikajaribu siku kadhaa, halikuzoea."

"Na hukuniambia."

"Ningekuambia ungefanya nini?"

"Ningemwita arekebishe!"

"Ungemtukana. Na mama yake angesikia." Alijipangusa macho na ncha ya leso. "Yule mwanamke alinifulia nguo nikiwa siwezi hata kusimama. Wewe ulikuwa wapi? Ulikuwa kazini."

Ilikuwa kweli, na nilimkasirikia kwa kuwa ilikuwa kweli.

Kuanzia siku hiyo nilimtafuta fundi kwa simu. Mara ya kwanza alikuwa matangani. Mara ya pili alikuwa njiani kuja, "nimefika hapa karibu, dada," na karibu hiyo haikuisha siku nzima. Mara ya tatu simu ilipokelewa, nikasikia watu wanacheka, ikakatwa. Baadaye ikawa haipatikani kabisa. Nikaanza kumtukana nikiwa peke yangu ofisini, kimya kimya, huku nikigonga mihuri kwenye barua za watu.

Siku ya soko nikaomba ruhusa kazini, nikaenda Navakholo. Watu wa sokoni wakanielekeza, nikamkuta karibu na barabara, yuko juu ya ngazi, anapiga plasta nyumba ya mtu mwingine. Penseli sikioni. Aliponiona alifurahi kama aliyemwona ndugu yake wa tumbo moja.

"Dada! Leo hii nilikuwa nakuja kwako!"

"Shuka."

"Namaliza huu ukuta tu..."

"Shuka hapo."

Akashuka. Nikamwambia nilichokiona darini. Hakukana. Afadhali angekana! Alikuna shingo akasema, "Dada, pale palikuwa na mti wa paa. Ningeukata, paa lingelegea. Nilikuwa nimepanga kurudi kuunganisha."

"Kwa nini ulifunga dari?"

"Kulikuwa na wageni wanakuja kuomba. Nilitaka ionekane vizuri."

Nikamwambia Jumamosi asubuhi awe amefika. Akaapa kwa jina la Mungu na la mama yake. Jumamosi nikakaa nje tangu umande haujakauka hadi jua lilipoelekea kutua. Hakuja.

Jumapili baada ya kanisa nilifanya jambo ambalo mama bado hajalisahau. Nilikwenda nyumbani kwa mama mdogo. Nilipoingia uani niliona viti vimepangwa, wanaume wamevaa makoti, soda mezani. Walikuwa wakwe, watu wa upande wa mwanamume anayetaka kumwoa binti yake wa mwisho, wamekuja kwa mazungumzo. Mtu mwenye akili angegeuka. Mimi nilikuwa nimetoka na maneno mdomoni, yamenijaa, na sikuweza kuyarudisha.

"Mama mdogo," nikasema, nimesimama pale pale uani, "mwanao amemjengea mama jiko linalomwua. Anapikia nje kwenye mvua, macho yamevimba. Nimempigia simu, nimemfuata kazini, ameapa kwa jina lako, hakuja. Sasa nimekuja kwako."

Alikuwa amebeba sinia la chapati. Aliliweka chini polepole. Wale wazee wa makoti walitazama soda zao.

"Umemaliza?" akaniuliza.

"Nimemaliza."

"Basi nenda nyumbani."

Jumatatu asubuhi na mapema fundi akafika kwa mama. Nilikuwa nimelala huko, nikapiga simu kazini kusema ninaumwa, na kwa kweli nilikuwa naumwa. Hakunisalimia. Alikuwa amekuja na mfuko wa udongo na magunia mawili matupu.

"Hayo magunia ya nini?"

"Nitaziba pale juu, moshi usirudi."

"Magunia? Juu ya moto?"

"Nitayalowesha kwa udongo."

Nikamwambia kabla hajaziba chochote, aketi nimchemshie chai. Nikaweka kigoda mbele ya jiko, nikamwonyesha akae. Nikawasha moto mkubwa, nikatia birika, nikasimama mlangoni. Nilikuwa nimeamua hatoki mpaka maji yachemke. Moshi ukashuka kama ulivyozoea. Mwanzoni alijikaza, akanitazama kwa dharau. Kisha akaanza kukohoa. Akainamia magoti. Birika lilikuwa bado halijaimba alipoinuka na kunipita kwa bega, akasimama uani akitema mate, machozi yakimmwagika.

"Sasa umeona?" nikamwambia. "Dakika chache tu. Ulitaka mama akae humo kila siku na miaka yake sabini."

Akajipangusa na mkono wa shati. Na unajua alisema nini?

"Dada, wewe hujui kuwasha moto. Umeweka kuni mbichi."

Sikumpiga. Wakati mwingine najuta kwamba sikumpiga. Nilichukua mwiko wake wa plasta uliokuwa juu ya mfuko, nikautupa kwa nguvu zangu zote katikati ya miwa, nikamwambia aondoke na asikanyage tena hapo. Nilipiga kelele hadi majirani wakatoka. Yeye akaenda, anatikisa kichwa, akiwaambia waliokuwa barabarani kwamba watu wa mjini wana matatizo.

Jioni hiyo mama aliingia kwenye miwa, akautafuta ule mwiko hadi akaupata. Akauosha, akaufunga kwenye kitambaa, akamtumia mama mdogo kwa mtu wa boda. Wiki mbili zilizofuata, nikimpigia simu, alijibu "ndiyo" na "hapana" tu. Mama mdogo naye aliacha kuja. Kanisani alihamia benchi la upande wa pili. Mama alikuwa amepoteza rafiki wa maisha, na jiko bado lilikuwa linalaliwa na kuku.

Mwenzangu kazini ndiye aliyenipa fundi mwingine, mzee mmoja kutoka upande wa Mautuma, mtu wa maneno machache sana. Alikuja na begi kuukuu, na kitu cha kwanza alichotoa ni pimamaji. Akaiweka sakafuni, akaitazama, akasema "Ee," tu. Akaiweka mezani, akasema "Ee," tena. Halafu akamwita mama.

"Mama, simama hapa. Weka mikono kama unakanda unga."

Mama akasimama, akaweka mikono hewani, ameona haya kidogo. Mzee akachukua kamba, akapima kutoka sakafuni hadi kwenye viganja, akafunga fundo. Ilinibidi nitoke nje. Ni kitu kidogo sana, kamba yenye fundo, lakini hakuna aliyekuwa amemfanyia mama hilo.

Kisha akapanda darini. Hakukata mti wa paa. Alitumia vipande viwili vya bomba vilivyopinda, akauzungusha moshi kando ya mti, akaunganisha na bomba la juu, akafunga kwa bati kuzunguka ule mti uliokuwa umeungua. Aliposhuka, chai ya saa nne ilikuwa bado haijapoa.

"Washa," akamwambia mama.

Mama akawasha kwa mikono iliyokuwa inasita. Moto ukavuta, ukaunguruma kidogo. Tukatoka wote uani tukatazama juu. Moshi ulitoka chini ya ile kofia ya bati, mweupe, ukaenda zake upande wa mahindi ya jirani.

Nilidhani ningefurahi. Nilifurahi, lakini chini ya furaha hasira iliongezeka, ikawa kubwa kuliko ya kwanza. Nikamuuliza mzee, "Yule wa kwanza, ingemchukua muda gani kufanya hivi?"

Akafikiria kwa haki, kama mtu asiyetaka kumsengenya mwenzake. "Hii hii asubuhi moja," akasema.

Asubuhi moja! Macho ya mama, mahindi, miezi mitatu chini ya ukingo wa bati na gunia kichwani, urafiki wa maisha, vyote kwa sababu ya asubuhi moja ambayo mtu hakutaka kuitoa.

Mzee alivunja meza akaishusha, akamwaga sakafu upya ikaelekea mlangoni, kisha akarudi kwao. Mama alianza kupika ndani. Macho yalichukua muda, lakini yalianza kutulia.

Siku moja, miezi kadhaa baadaye, nilikuwa ofisini wakati wa chai. Mwenzangu mwingine, wa dawati la pili, anajenga nyumba kwao, akaniambia amepata kontrakta mzuri sana wa majiko, tena anatoka pande za kwetu. Akanionyesha picha alizotumiwa kwenye simu. Nilizitazama, nikalitambua jiko la mama. Vigae vyeupe, dirisha la vioo, na meza ya saruji iliyomfika mama sawasawa kwenye viganja. Sufuria ya mama ilikuwa juu ya jiko. Sijui yule fundi wa kwanza aliingia lini kupiga ile picha. Nadhani mama ndiye aliyemfungulia mlango, lakini sijamuuliza, kwa sababu nikiuliza ataniambia.

Nilimweleza mwenzangu habari yote tangu mwanzo. Chai yake ikapoa. Nikamwandikia kwenye karatasi namba ya mzee wa Mautuma.

Mama mdogo alirudi baada ya mavuno. Nilikuwa jikoni nakata sukuma wiki, mama anasonga obusuma, tukasikia hodi ya fimbo mlangoni. Aliingia, akatazama jiko, akatazama bomba, akafuata kwa macho mahali lilipoingia darini. Kisha akanitazama mimi.

"Uliniaibisha mbele ya wakwe."

"Najua, mama mdogo. Nakuomba msamaha kwa siku ile na kwa mahali pale."

"Na kwa maneno?"

Mama aliacha kusonga. Nikajua jibu alilolitaka mama mdogo, na nikajua siwezi kulitoa.

"Maneno yalikuwa kweli," nikasema.

Aliegemeza fimbo yake ukutani. "Yalikuwa kweli," akasema. "Lakini yule ni mwanangu. Ungeniita kando, mimi mwenyewe ningemshika sikio nikamleta hapa. Uliniondolea hiyo nafasi."

Akaketi kwenye kigoda bila kungoja kukaribishwa, akaanza kumwuliza mama habari za mahindi. Tulikula pamoja. Alinipokea sahani, akanishukuru kwa chakula, lakini alipoondoka alimuaga mama peke yake. Naona hiyo ni haki yake. Katika hilo linalomuuma, mimi ndiye niliyekosea, na sitajitetea.

Fundi ni habari nyingine. Bado anajenga. Nikiwa kwenye boda kuelekea kwa mama, mara moja moja tunapishana naye, amebebwa kwenye boda nyingine pamoja na ngazi yake na mfuko wake wa vifaa. Huinua mkono juu na kuita, "Dada! Habari ya siku nyingi!" Mama anasema kukataa salamu ni dhambi, na pengine anasema kweli. Mimi hutazama mbele.